Saizi Kumi na Saba kwa Kigari cha Pazi

Kadhia nzima ilimgharimu Pazi shilingi milioni moja, laki saba na elfu sabini, na mbuzi jike mmoja. Nimehesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ilizidi kwa elfu kumi, nikatafuta kosa, kumbe nilikuwa nimeweka nauli ya mbuzi, na mbuzi yule alikwenda kwa miguu yake.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofunga rimu siku hizi, na ninyi mnaozinunua kwa kutazama picha kwenye simu. Mimi nimestaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa na duka la rimu na matairi yaliyotumika pale Mtendeni, Tabora mjini, na wateja waliniita Mama Rimu, wengine kwa heshima, wengine baada ya kusikia bei. Mfanyabiashara hastaafu siku anayofunga duka. Anastaafu siku anayoanza kuwaambia watu bei halisi. Basi mimi nimestaafu, niulizeni lolote.

Habari ya Pazi nitaifikia. Kwanza niwatajie Mzee Kanji, maana bila yeye nisingekuwa na cha kusimulia ila hasara.

Mzee Kanji alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tabora, mwenye duka la vipuri, na Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Aliniajiri nihesabu nati. Karani aliyenitangulia alikuwa anahesabu mara moja, ndiyo maana nafasi ilikuwa wazi. Nilihesabu nati muda mrefu kabla hajaniruhusu kugusa rimu, na siku aliponiruhusu akanipa kijiko cha chai. Nikadhani nakaribishwa chai.

"Gonga," akasema.

Unaining'iniza rimu kwenye kipande cha bomba, isiguse kitu, halafu unaigonga ukingoni kwa kijiko. Rimu nzima inalia, na sauti inakaa hewani kama ya kengele ya shule. Yenye ufa inakohoa. Ufa unaweza kuufunika kwa rangi, ukaisugua mpaka mtu akajiona uso, lakini kikohozi hakifunikwi. Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Dar na rimu nne za kupendeza. Mzee Kanji akaagiza chai, akanywa, akazigonga zote nne kwa kijiko kilekile huku anazungumza habari za mvua. Ya tatu ikakohoa. Alianza kushusha bei ya rimu tatu, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na ilipofika alipotaka akasema, "Na hii moja niongeze tu, nitapandia maua." Yule bwana akafahamu kwamba amefahamika. Akaiacha. Maua yalistawi sana.

Watu wakinunua rimu hutanguliza macho. Macho ni ya mwisho. Kwanza hesabu matundu ya nati, kisha upime umbali wake, kwa sababu rimu ya matundu manne si lazima ikae kwenye gari la stadi nne, zile skrubu zinazopokea nati. Nilikuwa na mteja, mwenye duka la vitenge, aliyekuta matundu yake hayalingani na stadi kwa tofauti ya unene wa kiberiti. Akachukua tupa akayapanua mwenyewe nyumbani, yakawa na umbo la yai. Gari likatembea kama bata, mkia huku na mkia kule, mpaka akaliuza kwa shemeji yake. Sasa hawazungumzi.

Halafu kuna kina, yaani rimu inakaa ndani kiasi gani au inatokeza nje kiasi gani. Mbili zinaweza kuwa na kipenyo kimoja na upana mmoja, lakini moja ikajificha chini ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, na nyingine ikachungulia nje kama jirani. Ile inayochungulia inapendwa na vijana. Inapendwa pia na wauza beringi, maana inazila.

Na kuna namba ubavuni mwa tairi. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kimo cha ubavu, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ya kwanza na ya mwisho kila mtu anazisoma. Ile ya katikati wanairuka, na ndiyo yenye mambo. Rimu kubwa haina maana ya gurudumu kubwa. Ukiongeza chuma unapunguza mpira, ili gurudumu zima libaki na kimo kilekile au lizidi kidogo tu. Hapo gari linapendeza, linashika barabara kwenye kona, na mita ya mwendo haisemi uongo. Gharama yake ni kwamba mpira mwembamba kwenye mashimo ni sawa na kutembea juu ya kokoto umevaa soksi. Anayetaka kuongeza chuma na mpira vyote pamoja, huyo si mteja wa rimu, ni mteja wa trekta, amekosea duka.

Nimefika kwa Pazi.

Pazi ni Mzaramo, fundi wa minara ya simu, aliyehamishiwa Tabora kikazi mwaka wa mwisho wa duka langu. Alikuja na kigari cha njano cha milango miwili na viti viwili, paa la turubai, kilichotengenezwa kwa nchi ambayo barabara zake hufagiliwa. Tumbo lake lilikuwa chini kiasi kwamba kuku akitaka kupita lazima ainame. Magurudumu yake ya asili yalikuwa saizi kumi na nne, na yalikitosha.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, niseme kidogo juu ya utani. Babu zetu Wanyamwezi walipobeba mizigo kutoka hapa kwenda pwani walipita Uzaramo, wakalala huko, wakagombana, wakacheka, na tangu hapo sisi na Wazaramo ni watani. Mtani anakutukana mbele ya mkeo nawe huruhusiwi kununa. Basi siku ya kwanza Pazi alipoleta tairi kujaza upepo, nilimwambia upepo wa Wanyamwezi ni bure ila kwa Mzaramo ni elfu hamsini, kwa kuwa babu yake hakuwahi kumrudishia babu yangu sufuria. Akajibu kwamba sufuria iko, ila babu yangu alisahau kichwa cha kuibebea. Tangu hapo hatukuwahi kuambiana sentensi moja iliyonyooka. Akipita asubuhi ananiuliza kama nimekwisha kuamka au bado nimelala macho wazi. Mimi namuuliza lini atanunua nusu ya gari iliyobaki. Ilikuwa raha. Mtaa mzima ulizoea kusimama kutusikiliza.

Sasa Pazi alikuwa amempenda Nyamizi, binti anayeuza katika duka la dawa jirani yangu, msichana mtulivu anayesoma maandishi ya madaktari ambayo madaktari wenyewe hawayasomi. Baba yake ni Mzee Juma Masanja, Msukuma, mkulima na mfugaji huko ndani ya Puge. Ukitoka Tabora ni lami mpaka Puge, kisha unaacha lami unaingia njia ya vumbi yenye tuta katikati na mifereji miwili ya mkokoteni pembeni. Pazi alikwisha kwenda mara moja kwa siri, kuiona njia. Tuta lilikikwangua kigari tumbo lote, akarudi bomba la moshi limefungwa kwa waya. Kisha Mzee Masanja akatuma neno: waje na mshenga, rasmi, siku fulani, saa nne asubuhi. Na Nyamizi akamnong'oneza Pazi kwamba kuna mfugaji wa Nzega naye amekwisha tuma mshenga, na baba hajamkatalia.

Mtasema angekodi gari. Nami nilimwambia. Akasema mzee ameambiwa kwamba mchumba ana gari, na akifika na la kukodi ataonekana mwongo kabla hajaketi. Hapo sikubishana naye. Mtu huoa kwa mali aliyonayo.

Kwa hiyo alikuja dukani akiwa na rula na simu. Sisemi alikuwa mjinga, na wala hakuwa. Alitaka kimo, ili tumbo lipite juu ya tuta. Alichagua rimu zangu za saizi kumi na saba zenye matairi ya ubavu mnene. Alipima pengo kati ya tairi na madigadi, akapiga hesabu kwenye simu, akapata kwamba gari litapanda karibu vidole viwili na bado nafasi itabaki. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Niliirudia mwenyewe mara mbili. Ila aliipiga gari likiwa tupu, usukani umenyooka, kwenye sakafu yangu ya saruji, ambayo ndiyo sehemu tambarare kuliko zote Mtendeni.

"Mama, zinaingia hizi?"

"Zinaingia. Kutoka ndiyo kazi."

Akacheka. Nikaendelea kumpa maagizo ambayo nimempa kila mteja anayeongeza saizi, kwa maneno haya hasa: "Kamlete Mzee Kitwana umkalishe humo na kanzu yake. Mimi nikae upande wa pili na makalio yangu yote. Tuzungushe usukani mpaka mwisho, tupande tuta na kushuka. Likikwangua, umeokoa mahari."

Mzee Kitwana ndiye aliyekuwa mshenga wake, fundi cherehani wa mtaani kwetu, mtu mnene wa maneno machache. Pazi alipomfikiria Mzee Kitwana na mimi tumebanana ndani ya kile kigari, akashika mlango wa duka asianguke kwa kicheko.

"Mtani, kama unataka lifti ya bure mpaka kwenu Kwihara, sema tu."

Na mimi, badala ya kusema hapana, nisikilize, nikamjibu kwamba lifti ya Mzaramo huanzia unakokwenda. Watu wakacheka. Maneno yangu ya kweli na maneno yangu ya utani yalikuwa yamevaa nguo moja tangu siku ya kwanza, angeyatofautishaje? Tukashika bei. Nilianza na milioni moja na laki nane, yeye akaanza na laki tisa, tukakutana kwenye milioni moja, laki nne na nusu. Mimi nilikuwa nimeona faida tangu milioni moja na laki moja, lakini hilo hakuuliza.

Siku ya safari walipita mbele ya duka wameng'aa. Kigari kilikuwa kimeinuka kama mtu aliyevaa viatu vya harusi. Mzee Kitwana alikijaza kiti cha kushoto na sehemu ya cha kulia. Wakiwa kwenye lami, Pazi alinitumia ujumbe wa sauti: linateleza, mtani, halina hata mlio. Kweli halikuwa na mlio. Lami ni saruji yangu ndefu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mzee Kitwana, na kwa kuwa huzungumza kidogo, yaaminini. Walipoacha lami, kigari kikaingia kwenye mfereji wa kushoto, na uzito wote wa Mzee Kitwana ukakaa juu ya springi ya mbele upande wake. Gari likashuka, tairi halikushuka. Ukingo wa madigadi ukaanza kulikwangua tairi kila walipokata kona, na njia ile ni kona tupu. Mlio ulikuwa wa mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa koleo. Pazi akapunguza mwendo, mlio ukawa wa polepole. Watu wakatoka majumbani kutazama. Mzee Kitwana akapendekeza ashuke. Pazi akasema mshenga hawezi kufika nyuma ya gari. Wakaendelea hivyo, mpaka wakaliona boma la Mzee Masanja, na hapo bega la tairi, lililokwisha kulika mpaka nyuzi, likapasuka na kukunja madigadi.

Tairi la akiba lilikuwa lile jembamba la saizi ya zamani. Walipolifunga, kigari kikainama upande mmoja, na madigadi yakakaa karibu na ardhi. Hakikwenda kokote. Basi Mzee Kitwana akakunja kanzu, akavuka shamba la karanga kwa miguu, na Pazi nyuma yake na mikono ya mafuta. Walifika wazee wamekwisha kula, na walikula vizuri kwa kuwa chakula kilikuwa cha watu wengi.

Faini ya kuchelewesha wazee huko ni mbuzi. Alinunuliwa kwa jirani, ndiyo sababu alikwenda kwa miguu. Maneno ya posa hayakusikilizwa. Mzee Masanja, kwa upole kabisa, aliwaambia kwamba yeye alikuwa amewasikia tangu mbali, na kwamba mkwe anayetanguliwa na makelele nyumba yake itakuwa hivyohivyo. Warudi Ijumaa ya juma la pili, saa nne, kwa gari lilelile, na mshenga yuleyule ndani yake. Wakishindwa, atamsikiliza mshenga wa Nzega, ambaye, akaongeza, alikuja kwa baiskeli na hakuchelewa.

Pazi alinipigia simu. Magurudumu yake ya zamani nilikuwa nimeyatunza. Siku zote tunza ya zamani ya mteja mpaka mpya izoee. Nikampa kondakta wa basi mawili, bodaboda akayapokea Puge. Wakafunga madogo mbele, makubwa yakabaki nyuma, na kigari kikarudi Tabora kimeinua makalio. Fisi ana mabega juu na makalio chini. Huyu alikuwa fisi aliyeumbwa kinyume. Nilikuwa na maneno mengi juu ya fisi huyo. Niliyaweka.

Maana Pazi aliingia dukani, akanipa shikamoo, akakaa kwenye tairi, akasema, "Mama, leo sina utani."

Ningeweza kusema kwamba basi leo analipa bei kamili. Ilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama mikono, ilikuwa na grisi ya jana, na mtu yule alikuwa maridadi. Nikamwita Pazi. Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Pazi, nilipokwambia umlete Mzee Kitwana nilikuwa nasema kweli."

"Kweli kabisa?"

"Kabisa. Na makalio yangu yalikuwa kipimo."

Hakucheka. Ndipo nilipojua kwamba tumeelewana.

Bibi yangu wa Kwihara, ambaye baba yake alikwenda pwani na msafara, alikuwa akisema kwamba mpagazi hakuulizwa kama mzigo anauweza. Aliwekewa begani akaambiwa azunguke uwanja. Ukimsikia anapumua kabla hajamaliza mzunguko, unapunguza hapohapo, hungoji mpaka Ugogo. Magurudumu ni hivyohivyo. Yachague gari likiwa limebeba kile litakachobeba, mahali panapofanana na huko linakokwenda.

Tulishuka kutoka saizi kumi na saba mpaka kumi na tano. Tairi lake nililichagua la ubavu wa wastani, lenye kuzidi lile la asili kwa unene wa kidole cha mwisho, basi. Kina cha rimu kilifanana na cha asili, nilikipima kwa ubao ulionyooka na rula ya Pazi, si yangu, ili asiwe na la kusema. Nilizigonga zote nne kwa kijiko. Nikampa kila moja aibebe kwa mkono mmoja, kwa sababu kigari chepesi kikivaa chuma kizito springi zinachoka, breki zinachoka, na injini inalalamika mlimani. Alikuwa amezoea zile za kumi na saba, akasema hizi ni kama sinia. Nikamwambia sinia ndilo lipitalo mlangoni.

Mzee Kitwana tulimwendea wawili. Alikuwa amenuna, na ana haki. "Nilikwenda mshenga nikarudi mpagazi," akasema, bila kusimamisha cherehani. Pazi akapiga goti kabisa, pale kibarazani, mbele ya wateja waliokuja kupima suruali. Mzee akamaliza mshono, akakata uzi, akavaa kofia.

Tukaenda njia ya Kwihara, upande wenye mifereji. Kabla ya kuondoka nilipaka unga wa muhogo, uliolowanishwa kidogo, kwenye ukingo wa ndani wa madigadi yote manne. Hii ni ya Mzee Kanji, iandikeni. Tairi likigusa, hata kwa sekunde, hata kama sikio halijasikia, litabeba unga. Mimi nilipanda raundi ya kwanza kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa nina uzito wa Pazi mara moja na nusu, na anayejaribu mzigo huuzidisha. Niliendesha mwenyewe, usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, juu ya tuta, ndani ya mfereji. Mzee Kitwana alisoma dua ya safari. Watu wa Kwihara walisimama kututazama, na sikuwalaumu.

Hakuna mlio wowote. Pazi, aliyetufuata kwa bodaboda, akarukaruka. Nikainama kutazama, na bega la tairi la mbele kushoto lilikuwa na alama ya unga, nyembamba kama kovu la wembe.

"Si kitu hicho, mama," Pazi akasema.

Leo si kitu. Kwa kona za njia ya Puge ni tairi lingine. Tukaliinua gari kwa jeki, tukakuta springi za mbele zimelala kwa uzee, na hilo ndilo lililokuwa limejificha nyuma ya mambo yote. Rimu zilibeba lawama ambayo nusu yake ilikuwa ya springi. Mkumbuke hili mnapouza: gari likikaa chini, tazama kwanza limekalia nini, kabla hujaliongezea miguu. Tukapata springi mbili zilizotumika lakini hai, tukafunga, tukapaka unga tena, tukamkalisha tena Mzee Kitwana, ambaye sasa alikuwa ameacha kuuliza. Raundi ya pili, safi. Ya tatu, kwa sababu mimi ni mimi, safi.

Madigadi yaliyokunjika yalinyooshwa kwa laki moja na elfu ishirini. Springi laki moja. Zile za kumi na saba nilizipokea kwa laki saba na nusu, pamoja na matairi yake matatu, na za kumi na tano zilikuwa laki nane na nusu, akaongeza laki. Jumlisheni mtapata ile ya mwanzo. Aliomba nimpunguzie kwa ajili ya utani. Nikamkumbusha kwamba alisema leo hana.

Ijumaa ile mimi nilikuwa dukani, sikuuza kitu cha maana, na walionunua niliwarudishia chenji mbovu. Saa tano simu haijalia. Saa sita haijalia. Nyamizi alikuja akasimama mlangoni, akauliza bei ya tairi la baiskeli, ambalo siuzi.

Walikuwa wamefika kabla ya saa nne. Mzee Kitwana anasema Mzee Masanja alikuwa uani anachambua mbegu, na alishtuka kuona watu wamesimama mbele yake wanamwamkia. Alikizunguka kigari, akaweka kiganja kati ya tairi na madigadi, kila gurudumu, yote manne. Kisha akamwambia Mzee Kitwana ashuke, akaingia yeye, akaletewa gunia la karanga akalipakata, akamwambia Pazi aendeshe mpaka lami na kurudi. Mshenga alibaki uani na mbegu. Waliporudi, mzee bado amepakata gunia.

"Nani amekupimia?" akauliza.

Pazi akasema ni mtani wake, mama mmoja wa Mtendeni.

"Na mara ile ya kwanza, huyo mama hakukwambia?"

"Aliniambia, baba. Nikadhani ni utani."

Mzee Masanja akacheka, mara ya kwanza Mzee Kitwana kumwona akicheka, mpaka karanga zikamwagika. Akasema, "Mtani ndiye atakayekuja kukuchimbia kaburi. Sasa ukiwa hai unamwona mwongo?" Kisha akaita mkeka uletwe, wazee wakaketi, na maneno ya posa yakasikilizwa tangu mwanzo mpaka mwisho.

Walioana. Mchuzi wa harusi ulikuwa mzuri ingawa nyama niliihesabu. Mimi na Pazi tumerudi kwenye utani wetu, ila tumewekeana alama: nikimwita jina lake, hapo nasema kweli. Nimelitumia mara mbili tu tangu wakati ule.

Sasa kuna jambo ambalo Mzee Kanji hakunifundisha, na kijiko hakisaidii. Juzi Nyamizi amenifikishia ujumbe wa sauti kutoka kwa baba yake. Mzee Masanja anasema amesikia kwamba zile rimu za saizi kumi na saba bado ziko nyuma ya nyumba yangu, na kuku wanalala ndani yake. Anazitaka mbili kwa ajili ya mkokoteni wake, zile zinazong'aa, ili ng'ombe wajione vizuri wanapokwenda mnadani. Anauliza ekseli ipimwe ikiwa tupu au ikiwa na magunia. Na bei, anasema, niitaje mimi mwenyewe kwa jinsi ninavyomwonea huruma mtu aliyekaribia kukosa mkwe kwa sababu yangu.

Nimeusikiliza mara mbili, kisha mara ya tatu. Hacheki popote. Lakini yeye ni Msukuma na mimi ni Mnyamwezi, na Wasukuma nao ni watani wetu, na huyu hana jina la kuniita ili nijue anasema kweli. Mikokoteni inafungwa rimu za gari, hilo si ajabu, nimeuza nyingi. Nikienda Puge na rula yangu kupima ekseli, na kumbe ulikuwa utani, watanisimulia mpaka mavuno. Nikijibu kwa utani, na kumbe mzee ana shida ya magurudumu, nitakuwa nimemcheka mkwe wa Pazi nyumbani kwake, na atakayelipa faini si mimi.

Mnada ni wiki ijayo. Ninyi vijana mnaosikiliza sauti za watu kwenye simu mchana kutwa, mwenye sikio anishauri: nimpelekee bei au nimpelekee kicheko?